Kuzunguka viwanja vya besiboli ya ligi ndogo Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Aprili maswali ni yaleyale. Wengine wanaishi Iowa, Ohio, Kentucky, Maine, wengine wanakuja kutembelea ndugu kutoka Dar, Mombasa au Bujumbura na wanataka kitu cha kufanya jioni kisichomaliza hela. Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba, sehemu nyingine nimekuelekeza tu kwenye namba ili nisirudie rudie. Halafu mjue mapema, mi naangalia haya mambo kwa jicho la msafiri, sio la shabiki kindakindaki. Mji kwanza, mechi baadaye.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Ligi ndogo ndo nini, ni kama daraja la kwanza la kwetu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganya. Kwetu timu ikifanya vizuri inapanda daraja, ikivurunda inashuka. Kule timu haipandi wala haishuki, anayepanda ni mchezaji. Timu za ligi kubwa ziko 30, na kila moja ina timu 4 chini yake, ndo unapata timu 120 za ligi ndogo. Ngazi kutoka juu ni Triple-A, Double-A, High-A, halafu Single-A.

Wachezaji wanalipwa na timu kubwa, na timu kubwa ndo inayoamua nani apandishwe kesho asubuhi na nani arudishwe chini. Kwa hiyo timu ya mjini haina sauti kwenye kikosi chake yenyewe, leo una mpigaji hatari, kesho kaondoka na begi lake. Inachoweza kuuza kwa uhakika ni jioni nzuri: tiketi, chakula, fataki, vichekesho kati ya iningi, yani vipindi vya mechi. Ukishalielewa hilo hutashangaa kuona watoto wanakimbizana na maskoti uwanjani wakati mechi ni kali kabisa.

2. Sijui sheria hata moja, ntaelewa kitu?

Utaelewa cha kutosha. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Mpigaji akipiga anakimbilia besi, yani vile vituo vya kukanyaga, akizipita zote na kurudi alipoanzia hiyo ni alama moja. Timu ikitolewa watu watatu, yani auti tatu, wanabadilishana, na wote wawili wakishapiga iningi moja imeisha. Mechi ni iningi 9. Zingine utamwuliza jirani wa siti yako, na ntakuambia ukweli, hamna mtu anayependa kuelezea kitu kama mzee wa Kimarekani aliyeulizwa swali la besiboli, andaa muda.

Sare hamna. Zikilingana wanaendelea, ila tangu 2018 ligi ndogo kila iningi ya nyongeza inaanza na mtu tayari kasimama besi ya pili ili mambo yaishe haraka. Zamani ungeweza kukesha. Mwaka 1981 huko Pawtucket, Rhode Island, walicheza iningi 33, wakaanza Aprili usiku, ikasimamishwa alfajiri ikiwa bado, wakaja kumalizia Juni. Pawtucket waliwafunga Rochester 3 kwa 2.

3. Mechi inachukua muda gani?

Saa mbili na nusu mpaka tatu hivi. Tangu 2022 viwanja vyote vya ligi ndogo vina saa inayohesabu sekunde, mrushaji akichelewa kurusha anaadhibiwa, kwa hiyo kale kahadithi kwamba besiboli haiishi ni ka zamani. Mechi ikianza saa moja usiku, kabla ya saa nne mara nyingi uko kwenye gari.

4. Kwa nini nisiende tu ligi kubwa?

Nenda, hakuna anayekukataza. Ila ligi kubwa iko kwenye miji mikubwa ambayo ungeenda tu hata bila mechi, tiketi ghali, kupaki ghali zaidi. Ligi ndogo inakupeleka Davenport, Montgomery, Greensboro, miji ambayo usingekuwa na sababu ya kusimama, na unakaa karibu mpaka unasikia mrushaji anavyolalamika. Na viwanja vingi vipya wamevijenga katikati ya mji makusudi ili kufufua mtaa uliokuwa umekufa, kwa hiyo ukitoka getini unakuta migahawa na watu wanatembea kwa miguu, kitu ambacho Marekani si cha kawaida kihivyo.

## Kupanga safari

5. Msimu unaanza lini na unaisha lini?

Ngazi zote zinakuwa zimeanza mwanzoni mwa Aprili, Triple-A inatangulia kidogo mwishoni mwa Machi, na zinamalizika Septemba. Mechi ni kama 130 hadi 150 kwa timu kutegemea ngazi, nusu yake nyumbani. Aprili kaskazini bado ni baridi ya kukufanya uondoke iningi ya nne, Julai na Agosti kusini ni jasho mpaka usiku. Ukiniuliza mimi, Mei na mwanzo wa Juni ndo penyewe, au Septemba kama hujali kwamba mechi zimebaki chache.

6. Ratiba ikoje? Nimeona timu inacheza na timu ileile wiki nzima, wamekosea?

Hawajakosea. Tangu 2021 karibu ratiba yote ni mechi 6 dhidi ya timu moja, Jumanne mpaka Jumapili, Jumatatu mapumziko. Kwa msafiri hii ina maana tatu. Moja, Jumatatu usipange mechi, panga kuendesha gari au kufua nguo. Mbili, timu ikiwa nyumbani iko nyumbani wiki nzima na ikisafiri haipo wiki nzima, kwa hiyo kabla hujanunua tiketi ya ndege fungua ratiba ya kila timu kwenye njia yako, maana kuna wiki unakuta mji A wapo na mji B hawapo na huna la kufanya. Tatu, angalia mechi za mchana za katikati ya wiki, zinaanza saa tano au saa sita mchana na zinajaa wanafunzi wanaopiga kelele kama mwisho wa dunia, ila ndo zinakuruhusu kuona viwanja viwili siku moja: mchana hapa, usiku mji wa jirani.

7. Lazima niwe na gari?

Kwa safari ya miji kadhaa, ndio, karibu lazima. Miji midogo ya Marekani mabasi yake ni machache na usiku mengi yameshalala. Ukitaka bila gari chagua mji mmoja mmoja. Mfano mzuri ni Portland, Maine: unapanda treni ya Downeaster kutoka Boston, saa mbili na nusu hivi, ukishuka unatembea kama dakika 20 unafika Hadlock Field. Hakikisha tu unaijua treni ya mwisho ya kurudi, au lala hukohuko.

Kama unakodi gari, kampuni nyingi zinaongeza hela ukiwa chini ya miaka 25. Leseni ya nyumbani beba pamoja na kile kibali cha kimataifa cha udereva, kinachukuliwa nyumbani kabla hujasafiri.

8. Naweza kupanga viwanja vingapi kwa wiki?

Vitatu au vinne kama unataka pia kuona miji. Kuna watu wanafanya kimoja kila siku, hao wanahesabu viwanja, wanarudi nyumbani wanakumbuka barabara tu. Usiku mbili kwa mji ndo kipimo changu.

## Hela na tiketi

9. Tiketi bei gani?

Viwanja vingi siti za bei ya chini ziko kwenye dola 10 na kitu, za mbele karibu na wachezaji 20 na kitu, na Triple-A kwenye miji mikubwa inazidi hapo. Ya bei rahisi kuliko zote mara nyingi ni ya nyasini, kilima cha majani nyuma ya uzio, unatandika khanga yako mnakaa na watoto. Wenye watoto wadogo msifikirie mara mbili, nyasini ndo penu.

Nunua kwenye tovuti ya timu au dirishani. Kule kwa wauzaji wa pembeni ada zinapandisha bei wakati siti zimejaa tele dirishani. Isipokuwa Ijumaa na Jumamosi zenye fataki na sikukuu ya tarehe 4 Julai, hizo wahi. Na Dayton, Ohio, ambako Dragons wamekuwa wakimaliza tiketi kila mechi tangu waanze mwaka 2000, zaidi ya mechi 1,500 mfululizo, ligi kubwa ya mchezo wowote Marekani Kaskazini hawajawahi kufika hapo. Hata hivyo za nyasini huwa zinapatikana ukiwahi.

10. Gharama zingine zilizofichika ni zipi?

Maegesho, dola 5 mpaka 15, miji midogo mara nyingine bure. Chakula, hicho ndo kinakula hela. Na kodi ya hoteli ambayo haionekani kwenye bei ya kwanza. Viwanja vingi sa hivi havipokei noti kabisa, kadi tu, kwa hiyo mgeni aliyekuja na dola mfukoni toka nyumbani ajiandae, mwombe mwenyeji alipe umrudishie.

Kuna siku za ofa na inafaa kuzifuatilia. Columbus, Ohio wana usiku wa hot dog kwa senti 10 moja, foleni yake uione mwenyewe. Alhamisi sehemu nyingi bia inashushwa bei, ambayo ni habari njema au mbaya kutegemea umekuja na nani.

## Ukiwa uwanjani

11. Naruhusiwa kuingia na begi na chakula?

Begi, mara nyingi liwe la plastiki inayoonyesha ndani au liwe dogo sana. Begi la mtoto mchanga na dawa huwa linakubaliwa likikaguliwa. Chakula cha nje viwanja vingi vinakataa, chupa ya maji iliyofungwa baadhi vinakubali. Kila timu ina ukurasa wake wa masharti, usome siku moja kabla maana ukikataliwa getini unarudi mpaka kwenye gari.

12. Chakula, kuna halali? Na hot dog ni nyama gani?

Uliza kila mara. Hot dog nyingi ni za ng'ombe tupu na huwa imeandikwa, ila ng'ombe tupu si lazima iwe imechinjwa kihalali, na soseji nyingine za pembeni zina nguruwe. Kilicho salama kwa wengi ni karanga za maganda, bisi, chipsi (ukiwa makini sana uliza mafuta wanakaangia nini), mkate wa chumvi uliosokotwa, matunda sehemu nyingine. Suluhisho langu ni kula mjini kabla. Miji mingi ya hapa ina migahawa ya Wasomali, ya Waarabu au ya Wakongo, angalia swali la 17.

Na swala: katikati ya kiangazi jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, Magharibi inaingia iningi ya tano au ya sita hivi. Waulize wahudumu wa wateja wakuonyeshe sehemu tulivu, au sogea nyuma ya nyasi za pembeni, kuna nafasi kubwa. Usitoke getini bila kuuliza maana sehemu nyingi ukitoka hurudi.

13. Kuna adabu za kufuata?

Chache. Wimbo wa taifa ukipigwa mwanzoni simama na vua kofia, hata kama si taifa lako. Usinyanyuke kupita mbele za watu wakati mpigaji yupo, subiri apige au atoke. Iningi ya saba katikati wote wanasimama kujinyoosha na kuimba, simama tu hata kama maneno huyajui. Mpira ukikuangukia ni wako, ila ukimpa mtoto wa jirani utapigiwa makofi na sehemu nzima.

14. Ni hatari? Nimesikia mpira unapiga watu.

Mpira unaotoka nje ya mstari unaweza kuja kwa kasi ya kukuvunja meno, sio utani. Sa hivi nyavu zimerefushwa, ila pale zinapoishia ndo pabaya. Ukiwa na mtoto au ukipenda kuchezea simu kaa nyuma ya wavu au nyasini mbali.

15. Nawezaje kupata saini za wachezaji?

Ingia geti likifunguliwa tu, kama saa moja kabla, nenda kwenye uzio karibu na wanapokaa wachezaji, upande wa nje ya mstari. Beba kalamu yako na mpira au kadi. Waite kwa jina la kwanza kwa heshima, usipige kelele. Hawa ni vijana wa miaka 20 na kitu, wengi hakuna aliyewahi kuwaomba saini shuleni kwao, wanasimama. Bahati ikiwa yako utakuta nyota wa ligi kubwa katoka majeruhi na kaletwa kucheza siku mbili tatu kujipima, hapo foleni inageuka kuwa vita na bora ukae tu ukaangalie.

## Miji na njia

16. Nipe njia moja ya kuanzia.

Alabama, barabara ya I-65. Najua wengi hawafikirii Alabama, na ndo maana naitaja kwanza.

Anzia Montgomery. Uwanja wa timu inayoitwa Biscuits ulifunguliwa 2004, sehemu yake ni ghala la zamani la reli, matofali mekundu, na treni za mizigo bado zinapita nyuma yake. Kati ya iningi wanakuja na kibunduki cha hewa wanafyatulia mashabiki vimkate laini vya moto vilivyofungwa, mtu mzima na suti yake anaruka juu kudaka mkate. Mchana wa siku hiyohiyo tembea mjini: makumbusho ya Rosa Parks ipo mahali alipokamatwa 1955, na kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa kunyongwa na magenge ya wazungu, iliyofunguliwa 2018, vyuma zaidi ya 800 vinaning'inia, kimoja kwa kila kaunti, majina yameandikwa. Usiweke kumbukumbu ile na mechi kwa kukimbizana. Iende asubuhi, rudi hotelini ukae kwanza.

Halafu Birmingham, kama kilomita 150. Timu ya sasa, Barons, inacheza Regions Field, ila usiondoke bila kuona Rickwood Field, wa mwaka 1910, uwanja mkongwe kuliko yote ya besiboli ya kulipwa Marekani. Black Barons, timu ya weusi wakati wa ubaguzi, walicheza hapo, na Willie Mays, mmoja wa nyota wakubwa wa besiboli, aliwachezea 1948 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Juni 2024 ligi kubwa ilicheza mechi pale kwa heshima yake na ya timu zile, na Mays mwenyewe akafariki siku mbili kabla. Pembeni ya Regions Field kuna makumbusho ya ligi za weusi za Kusini. Ah na Michael Jordan, ndio, yule, mwaka 1994 alivaa jezi ya Barons baada ya kuacha basketi, ila walikuwa wanacheza uwanja mwingine huko Hoover, alimaliza na wastani wa kupiga wa .202, ambao kwa besiboli ni mdogo, na homurani 3, yani mipira iliyopigwa mpaka ikavuka uzio.

Ukiwa na siku za ziada endelea kaskazini mpaka Madison, karibu na Huntsville, kwa timu inayoitwa Trash Pandas. Mchana makumbusho ya roketi, usiku mechi, watoto watakushukuru.

17. Kuna mji wa ligi ndogo wenye Waswahili wengi?

Ipo, na hii ndo faida ambayo hakuna mwongozo wa Kimarekani utakuambia. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliopokelewa Marekani wengi waliwekwa kwenye miji ya kati na midogo, ambayo ndo hiyohiyo yenye timu za ligi ndogo.

Portland, Maine ndo mfano ninaoupenda. Mwaka 2019 waomba hifadhi wengi kutoka Kongo na Angola walifika kwa mkupuo, mji ukawalaza ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo, ambao umegusana na uwanja wa besiboli wa Hadlock Field, ukitoka mlango huu uko kwenye ule. Sa hivi ukienda mechi ya Sea Dogs, timu ya hapo, utasikia Kilingala na Kiswahili kwenye foleni ya aisikrimu. Timu ya nyumbani ikipiga homurani mnara wa taa za meli unachomoka nyuma ya uzio wa katikati, unanyanyuka polepole honi inalia, watoto wanaona huo kuliko mechi yenyewe.

Iowa pia. Davenport, Cedar Rapids na Des Moines zote zina timu na zote zina jamii za Wakongo na Warundi, na unazifanya kwa gari wiki moja bila kuchoka. Davenport uwanja ni wa 1931, uko ukingoni mwa Mississippi, kuna gurudumu kubwa la kupanda pembeni ya uzio na daraja linawashwa taa jioni, kaa upande wa besi ya tatu ulione vizuri. Mto ukifurika unazunguka uwanja mzima, 2019 ulibaki kama kisiwa. Cedar Rapids uwanja ni wa kawaida tu, nenda kwa ajili ya watu. Des Moines unaona kuba la dhahabu la bunge la jimbo nyuma ya uzio, hasa jua likiwa linazama. Louisville na Lexington huko Kentucky (Lexington timu ni ya ligi ya kujitegemea, angalia swali la 20), Buffalo, Dayton, nazo zimo.

Ukitaka chakula cha nyumbani kabla ya mechi uliza msikitini au kanisani, wala usitafute kwenye ramani, wapishi wengi hawana bango.

18. North Carolina watu wanaisifia, kweli?

Kweli kabisa, viwanja vimekaribiana kuliko karibu popote. Durham, Greensboro, Winston-Salem, Kannapolis, Charlotte, unaruka saa moja moja tu. Durham kuna ng'ombe dume wa mbao juu ya ukuta wa kushoto, mpigaji wa nyumbani akipiga homurani macho ya ng'ombe yanawaka mekundu, mkia unatikisika, moshi unatoka puani, na akimgonga ng'ombe mwenyewe kwa mpira anapewa nyama choma. Akigonga nyasi zilizochorwa chini yake anapewa saladi. Maghala ya tumbaku ya zamani pembeni sasa ni migahawa na ofisi.

Greensboro usikose lile duka la Woolworth ambako wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tu Februari 1, 1960 wakakataa kuondoka, sasa ni makumbusho, kutoka hapo mpaka uwanjani ni kutembea. Charlotte uwanja mzuri kwa picha za maghorofa, ila mji wenyewe ni benki tupu, usiku mmoja unatosha.

## Maswali ya pembeni pembeni

19. Mvua ikinyesha napoteza hela?

Ikinyesha wanafunika uwanja kwa turubai na mnasubiri, saa nzima au zaidi. Mechi ikiahirishwa tiketi yako kwa kawaida inabadilishwa kwa mechi nyingine msimu huohuo, hela hairudi. Kwa mtu wa mjini sawa, kwa wewe msafiri ni maumivu. Ndo maana nikasema usiku mbili kwa mji (swali la 8): mechi iliyoahirishwa mara nyingi inachezwa kesho yake, mbili mfululizo za iningi 7 kila moja, na mara nyingi tiketi moja inaziona zote. Kusini kiangazi mvua za radi za jioni ni karibu kila siku, ila zinapita.

20. Mji fulani una uwanja na timu lakini haipo kwenye zile 120, ni feki?

Sio feki. Mpaka 2020 timu zilizounganishwa na ligi kubwa zilikuwa 160, mwaka uliofuata zikapunguzwa, miji 40 na kitu ikabaki na viwanja bila timu. Mingi ikajiunga na ligi za kujitegemea kama Pioneer au Atlantic, au na zile za vijana wanaosubiri kusajiliwa. Kwa msafiri tofauti ni ndogo, na tiketi mara nyingine rahisi zaidi. Ila msimu wao ni mfupi, baadhi zinaanza Juni tu.

21. Kuna mchezaji wa kwetu wa kwenda kumwona?

Mwafrika wa kwanza kufika ligi kubwa ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh. Alisajiliwa 2008, yani hiyo miaka yote katikati alikuwa anazunguka kwenye hivi viwanja tunavyoviongelea, Altoona, Indianapolis na kwingine. Afrika Mashariki wanaoongoza ni Waganda. Timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, 2012, baada ya Waganda wenzao kunyimwa viza mwaka uliotangulia. 2022 Dodgers, timu ya ligi kubwa, walisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na 2023 Dennis Kasumba alicheza Frederick, Maryland kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Vijana wanahamishwa sana, kwa hiyo angalia kikosi wiki ya safari yenyewe, sio mwezi mmoja kabla.

22. Mimi si raia, nibebe karatasi gani?

Sheria inasema mgeni wa miaka 18 na zaidi awe na uthibitisho wake wa uhamiaji mwilini, kadi ya kijani, au pasipoti na rekodi ya kuingia. Miji ya mpakani hili si la kinadharia. El Paso, Texas ina uwanja mzuri sana uliofunguliwa 2014, ulijengwa baada ya kubomoa jengo la manispaa, lakini barabara za kutoka El Paso zina vizuizi vya askari wa mpaka wanaouliza kila gari, karatasi zikiwa hotelini umekwisha. Kama kesi yako bado inasikilizwa ongea na wakili kabla ya kwenda upande huo, kuna viwanja 100 na zaidi vingine.

23. Vipi ile timu ya Vancouver?

Ndo pekee kati ya 120 iliyopo Kanada, Nat Bailey Stadium, uwanja mtamu wenye miti nyuma. Ila ni nchi nyingine. Unahitaji ruhusa ya kuingia Kanada, na kama viza yako ya Marekani ni ya kuingia mara moja hakikisha kwanza kama utaruhusiwa kurudi. Wengi wanaishia Everett, kaskazini mwa Seattle, ni ligi ileile na Vancouver huwa wanakuja kucheza hapo.

24. Saa za miji zinatofautiana?

Ndio, na watu wanachelewa mechi kwa ajili hiyo. Tennessee imegawanyika: Nashville na Memphis wako nyuma saa moja ya Chattanooga na Knoxville. Ukitoka Nashville saa nane mchana kwenda Chattanooga, mwendo wa saa mbili na ushee, unafika kule saa yao ni kumi na moja na kitu, sio kumi. Muda wa tiketi ni wa mji wa uwanja, siku zote.